Kufunga modemu ya intaneti ndani ya gari: waya, fyuzi, athi na antena

Modemu ya garini ikikatakata mtandao, lawama huiangukia kampuni ya simu. Mara nyingi kosa liko karibu zaidi: waya mwekundu umechukua umeme mahali pasipofaa, athi (waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi ya gari) imefungwa juu ya rangi, au kichwa cha antena hakigusani na tundu lake. Modemu yenyewe haifi kirahisi. Kinachoisumbua ni umeme wa gari, ambao hautulii, na bati la gari, ambalo huzuia mawimbi. Ndiyo maana sehemu kubwa ya maelezo haya ni waya na antena. Upande wa programu hauchukui hata nusu saa.

Modemu inayozungumziwa hapa ni ile yenye ruta ndani yake: inapokea laini ya simu, inatoa Wi-Fi, na inafungwa moja kwa moja kwenye umeme wa gari, liwe gari dogo, basi, lori au gari la wagonjwa. Kile kimodemu cha mfukoni chenye betri yake kinafaa kwa safari. Kukiacha juu ya dashibodi juani mwezi baada ya mwezi ni kutafuta betri iliyovimba.

Kabla ya kununua, soma mstari wa volti

Magari madogo huitwa ya volti 12, lakini hiyo 12 ni jina tu. Betri iliyojaa na kutulia husoma takriban 12.6. Injini ikiwaka, alteneta (mashine inayochaji betri) hupandisha hadi kati ya 13.8 na 14.4. Stata inapozunguka, volti huanguka hadi 9 au chini yake, na betri ikiwa imechoka au baridi ni kali inaweza kugusa 7. Malori na mabasi mengi ni ya volti 24, yaani 28 na ushei injini inapochaji. Juu ya hayo kuna mapigo mafupi: kichwa cha betri kikichomoka wakati alteneta inachaji, makumi ya volti hupita kwenye nyaya kwa sehemu ya sekunde.

Kwa hiyo tafuta kifaa kilichoandikwa kwamba kinapokea volti 9 hadi 36, na kinachoanzia 7 au 6 ni bora zaidi kwa sababu hakitazimika wakati wa kupiga stata. Ruta ya nyumbani iliyoandikwa 12 V peke yake haifai kuunganishwa moja kwa moja, hata kama plagi yake inaingia. Ukilazimika kuitumia, weka katikati kigeuza volti kinachopokea 9 hadi 36 na kutoa 12 iliyotulia. Kwa vifaa vya volti 5, tumia kigeuza cha kufungwa kwa waya chenye uwezo wa angalau ampea 3, usitegemee chaja ya tundu la kuwashia sigara. Lile tundu hulegea kwa mtikisiko, na kila likilegea modemu inaanza upya.

Angalia pia halijoto. Dashibodi ya gari lililofungwa juani inaweza kupita nyuzi 70 za Selsiasi. Modemu za magari huandikwa zinafanya kazi hadi 70 au 75. Nyingi za nyumbani huishia 40.

Vifaa

Waya uwe wa shaba wenye nyuzi nyingi nyembamba, unene wa milimita mraba 1, rangi nyekundu, nyeusi na nyingine moja (njano au nyeupe). Kama umbali kutoka betri hadi modemu unazidi mita 5, chukua milimita mraba 1.5. Waya wa nyumba wenye mshipa mmoja mgumu usiutumie: hukatika ndani kwa mtikisiko huku ngozi yake ikionekana nzima, na utatafuta kosa hilo siku nzima.

Mbali na waya, uwe na:

- kishikio cha fyuzi chenye kifuniko cha kuzuia maji, na fyuzi za ampea 3 na ampea 1, za akiba zikiwemo
- vichomekeo viwili vya fyuzi vya kuchepusha umeme, vya saizi inayolingana na fyuzi za gari hilo (ziko kubwa za kawaida, ndogo, ndogo fupi na nyembamba kabisa; beba fyuzi moja ya gari ukalinganishe)
- vichwa vya pete vya kubana, tundu la milimita 6 na 8
- koleo halisi la kubania vichwa hivyo, siyo plaizi
- mpira wa kusinyaa kwa joto, ulio na gundi ndani
- multimita (kipimo cha volti, ampea na omu)
- bomba la plastiki lenye mikunjo la kufunika nyaya, na vibano vya plastiki
- msasa, pombe ya kusafishia na kitambaa

Kuhusu fyuzi, watu hukosea nia yake. Fyuzi inalinda waya usiungue, siyo modemu isiharibike. Modemu ya garini kwa kawaida hula wati 5 hadi 10, yaani chini ya ampea 1 kwenye volti 12. Fyuzi ya ampea 3 inaacha nafasi ya kutosha kwa mapigo ya kuwaka, na itakatika mapema kabla waya wa milimita mraba 1 haujapata joto. Kijitabu cha kifaa kikitaja 5, weka 5. Fyuzi ya ampea 15 eti kwa sababu ndiyo iliyokuwepo mfukoni ina maana kwamba siku waya ukichubuka, waya ndio utakaogeuka fyuzi.

Nyaya tatu na kazi zake

Modemu iliyotengenezwa kwa ajili ya gari ina nyaya tatu. Mwekundu ni umeme wa kudumu, unaokuwepo hata gari likizimwa. Mweusi ni athi, yaani hasi inayorudi kupitia bodi ya gari. Wa tatu, mara nyingi njano au nyeupe, ni waya wa swichi: haubebi mzigo, unaiambia tu modemu kama ufunguo umewashwa. Rangi hubadilika kati ya watengenezaji, na baadhi ya plagi huwa na nyaya nne, wa nne ukiwa wa alama za kuingia au kutoka. Soma mchoro wa plagi yako. Usikisie kwa rangi.

Wengi hurahisisha kwa kuunganisha mwekundu na wa swichi pamoja. Wakiunganisha vyote kwenye umeme wa kudumu, modemu haizimiki kamwe. Ikiwa inakula ampea 0.6, ndani ya saa 24 imetumia saa-ampea 14.4 (ampea mara saa). Kwenye betri ya saa-ampea 60, siku mbili za kuegesha zinaondoa karibu nusu, na gari lenye betri ya umri wa miaka mitatu huenda lisiwake. Wakiunganisha vyote kwenye umeme wa ufunguo, betri inapona lakini modemu inakatwa ghafla kila gari linapozimwa, hata katikati ya kusasisha programu yake, na kila kuwasha inachukua dakika moja hadi mbili kuamka na kushika mtandao.

Nyaya tatu zikifungwa zilivyokusudiwa, ufunguo ukizimwa modemu inahesabu dakika ulizoiwekea, kisha inajizima kwa utaratibu. Ikiwekwa nusu saa, kwa ampea 0.6 hiyo ni saa-ampea 0.3 tu. Betri haitahisi.

Kuna jambo moja kuhusu umeme wa ufunguo ambalo huwatesa hata mafundi. Kwenye magari mengi umeme huo una ngazi mbili. Ya kwanza, inayoandikwa ACC kwenye swichi au kifuniko cha fyuzi, inalisha redio na tundu la sigara. Stata ikizunguka, ngazi hii inakatwa ili nguvu yote iende kwenye stata. Ya pili, IGN, inabaki hai stata inapozunguka. Waya wa swichi wa modemu upeleke IGN. Ukiupeleka ACC na modemu ina muda wa kusubiri kabla ya kuzima, hakuna madhara makubwa. Lakini kifaa kisicho na waya wa swichi, kinachopata umeme wake wote kutoka ACC, kitaanza upya kila unapowasha injini, na dereva atasema mtandao unakawia asubuhi.

Pima kwanza, fungua baadaye

Kazi ya kutafuta umeme inafanywa betri ikiwa bado imeunganishwa, kwa hiyo usikimbilie kuchomoa hasi.

1. Weka multimita kwenye volti za umeme wa betri (mkondo mnyoofu). Mguu mweusi kwenye chuma kitupu cha bodi, mwekundu kwenye vichwa vidogo vya chuma vinavyoonekana juu ya kila fyuzi. Pima ufunguo ukiwa umezimwa, ukiwa ACC, ukiwa ON, na mtu mwingine akipiga stata. Andika unachoona. Fyuzi yenye volti hata ufunguo ukizimwa inafaa kwa waya mwekundu. Isiyo na volti ukizima, ikapata ukiwa ON na kubaki nayo stata ikizunguka, inafaa kwa waya wa swichi. Funga milango na usubiri dakika kadhaa kabla ya kuamini kwamba fyuzi ni ya kudumu, kwa sababu baadhi ya magari hukata umeme wa ndani muda baada ya kufungwa.

2. Ruka fyuzi za mifuko ya hewa ya usalama, breki za kompyuta, usukani wa umeme na kompyuta ya injini. Chagua saketi isiyo na hatari ikipata hitilafu: redio, tundu la umeme, wipa ya nyuma, au nafasi tupu yenye umeme.

3. Sasa chomoa kichwa cha hasi cha betri, hasi kabla ya chanya. Ukianza na chanya na spana ikagusa bodi, ni shoti ya betri nzima. Kabla ya hapo hakikisha unajua namba ya siri ya redio kama gari linaihitaji. Ukifungua nguzo za kioo cha mbele au dari, subiri muda unaotajwa kwenye kitabu cha gari ili mifuko ya hewa ipoteze chaji yake. Nyaya na plagi za njano kwa kawaida ni za mifuko hiyo: usizipime wala kuzichepusha. Nyaya nene za rangi ya chungwa kwenye gari la mseto au la umeme ni za volti za juu zinazoua. Kaa mbali nazo.

Kuchepusha umeme

Kwenye gari dogo, kisanduku cha fyuzi cha ndani kinatosha. Kichomekeo cha kuchepusha kina matundu mawili: la chini kwa fyuzi ya zamani, kwa ukubwa ule ule iliokuwa nao, na la juu kwa fyuzi mpya ya modemu (ampea 3 kwa mwekundu, 1 kwa waya wa swichi). Kina upande sahihi na upande mbaya, na kinaingia pande zote mbili bila kulalamika. Baadaye, betri ikisharudishwa, toa fyuzi ya chini. Waya wa modemu ukiendelea kusoma volti 12, upande ni sahihi. Ukisoma sifuri, kigeuze: mzigo wako ulikuwa unapita kwenye fyuzi mbili, na ile ya zamani ilikuwa inabeba yake na yako.

Kwenye basi na lori, ni safi zaidi kuchukua mwekundu moja kwa moja kwenye betri. Kishikio cha fyuzi kiwe ndani ya sentimita 15 hadi 20 kutoka kichwa cha chanya, kwa sababu kipande cha waya kilicho kabla ya fyuzi hakina ulinzi wowote. Usiweke fyuzi ndani ya kibanda cha dereva ili iwe rahisi kuifikia, halafu mita nne za waya zipite kando ya injini bila kinga. Gari la volti 24 huwa na betri mbili za 12 zilizofuatana. Usichukue 12 kutoka betri moja, hata kama kifaa chako kinataka 12. Betri moja itaishiwa huku nyingine ikichajiwa kupita kiasi, na zote mbili zitakufa mapema. Chukua 24 kamili, upunguze kwa kigeuza volti.

Unene wa waya una sababu ya kuhesabika. Shaba ya milimita mraba 1 ina upinzani wa takriban omu 0.0175 kwa mita. Mita 5 kwenda na 5 kurudi ni omu 0.175, na kwa ampea 1 unapoteza volti 0.18, kitu kidogo. Waya wa milimita mraba 0.35 unapoteza volti 0.5 nzima. Injini ikiwaka hutaona tofauti. Stata ikishusha betri hadi 9, modemu inapata 8.5, na kile kifaa cha kuanzia 9 kinazima.

Athi

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, kwa sababu athi mbaya haionekani. Tafuta boliti inayoshika chuma cha bodi chenyewe, siyo kipande cha plastiki wala bati jembamba la kupambia. Kwangua rangi kwa msasa hadi chuma king'ae, upana wa kichwa cha pete. Weka pete chini ya washa (kiduara cha chuma) yenye meno, kaza, kisha paka grisi au rangi juu ili kutu isianze. Waya wa athi uwe mfupi, chini ya nusu mita ikiwezekana, na unene sawa na mwekundu.

Pima upinzani kati ya ncha ya waya huo na kichwa cha hasi cha betri (kikiwa kimerudishwa, modemu ikiwa bado haijaunganishwa). Inatakiwa isizidi sehemu chache za kumi za omu baada ya kutoa upinzani wa nyaya za multimita, ambao unaupata kwa kugusisha miguu yake miwili.

Magari mengi ya kisasa yana kihisi kidogo kwenye kichwa cha hasi cha betri kinachohesabu umeme unaoingia na kutoka. Ukifunga athi yako moja kwa moja kwenye kichwa hicho, unazunguka kihisi, na kompyuta inakosea hesabu ya chaji. Funga kwenye bodi.

Viungo na njia ya nyaya

Kusokota waya na kuzungushia utepe mweusi hakutoshi garini. Joto huyeyusha gundi, utepe unafunguka, waya unabaki uchi. Lehemu nayo ina udhaifu wake: inapanda ndani ya nyuzi na kuzifanya ngumu, na mtikisiko hukata pale ugumu unapoishia. Kiungo kilichobanwa kwa koleo sahihi na kufunikwa mpira wa kusinyaa ndicho kinachodumu. Kivute kwa mkono. Kikitoka, hakikuwa kimebana.

Nyaya zikipita kwenye ukuta wa chuma kati ya injini na kibanda, zipite kwenye tundu lenye mpira. Tundu tupu la chuma hukata ngozi ya waya ndani ya miezi. Ndani ya chumba cha injini zivalishe bomba la mikunjo na ziwe mbali na bomba la moshi. Funga kila sentimita 15 hadi 20. Chini ya dashibodi, geuza usukani pande zote na kanyaga pedali zote kabla ya kukata mkia wa kibano cha mwisho.

Modemu yenyewe iwekwe mahali penye hewa, pakavu, pasipo chuma pande zote: nyuma ya kisanduku cha mbele ya abiria, juu ya ubao wa pembeni, au chini ya kiti ikiwa sakafu haipati maji ya kuosha gari. Usiifunike kwa zulia. Taa zake zionekane bila kufungua nusu ya gari, na tundu la laini lifikike. Ifunge kwa skrubu. Gundi ya pande mbili peke yake huachia kwenye joto.

Antena

Antena zilizokuja na kifaa, zile fimbo za plastiki, zinafanya kazi. Lakini zikiwa chini ya dashibodi zimezungukwa na bati na nyaya, zinapokea sehemu ndogo ya kile kinachopatikana juu ya paa. Kioo cha mbele chenye tabaka la chuma la kuzuia joto, na baadhi ya karatasi za giza za vioo, huzuia mawimbi vilevile.

Modemu ya 4G inahitaji antena mbili za simu. Zinaandikwa mara nyingi MAIN na AUX au DIV. Kwenye moduli nyingi AUX inapokea tu. MAIN ndiyo inayotuma. Ukiwa na antena moja na ukaichomeka AUX, utaona vijiti vya mtandao vimejaa lakini kutuma hakuendi. Kubandika fimbo moja na kuacha tundu la pili wazi kunapunguza kasi, na kwenye mtandao dhaifu kunaamua kama utaunganishwa au la.

Vichwa vya antena vina mtego. Tundu la simu na la GPS kwa kawaida ni SMA: kwenye kifaa, hesi ziko nje na katikati kuna kishimo, kwenye antena, hesi ziko ndani na katikati kuna pini. Tundu la Wi-Fi mara nyingi ni RP-SMA, ambapo pini na kishimo vimebadilishana. Hesi zinafanana kabisa. Ukifunga antena ya RP-SMA kwenye tundu la SMA, inakaza vizuri lakini katikati ni kishimo kwa kishimo, hakuna mguso. Kinyume chake ni pini kwa pini, na kukaza kwa nguvu kunavunja moja. Tazama katikati kabla ya kufunga. Kaza kwa vidole, halafu kidogo tu kwa spana ya milimita 8, pungufu ya robo mzunguko, ukizungusha nati na siyo kebo.

Urefu wa kebo ni suala zito kuliko chapa ya antena. Ile kebo nyembamba ya RG-174, inayopendwa kwa sababu inajikunja kirahisi, hupoteza zaidi ya desibeli 1.5 kwa kila mita kwenye masafa ya gigahezi 2. Mita 5 ni karibu desibeli 8, yaani kinachofika kwenye modemu ni takriban moja ya sita ya kilichopokelewa. Desibeli 3 peke yake ni nusu. Weka modemu karibu na antena, ongeza urefu wa waya wa umeme badala ya kebo ya antena, na ikibidi kebo ndefu chagua nene ya aina ya LMR-200. Usizungushe ziada ya kebo kwenye rundo. Ikate na kuweka kichwa kipya kama una vifaa. Usiikunje kwa kona kali.

Juu ya paa, antena nyingi zinahitaji chuma chini yake kama sehemu ya kazi yao. Kwa masafa ya megahezi 800, urefu wa wimbi ni sentimita 37.5, hivyo robo yake, kama sentimita 9.5 za bati kila upande, ndiyo angalau. Katikati ya paa ni bora kuliko pembeni. Paa la faibaglasi linahitaji antena iliyoandikwa kuwa haitegemei chuma, au bati uliyoiwekea chini. Antena mbili tofauti za simu zipe umbali wa sentimita 19 au zaidi kati yao. Antena ya umbo la pezi la papa yenye kila kitu ndani inabana umbali huo, na ni bei ya kutoboa tundu moja. Ya GPS ione anga. Antena zote za simu zikae angalau sentimita 20 kutoka vichwa vya watu.

Kutoboa paa: shusha dari kwanza uone nyaya, boriti na mfuko wa hewa wa pembeni vilipo. Bandika utepe wa karatasi juu ya rangi, toboa tundu dogo, kisha msumeno wa duara wa saizi iliyotajwa kwenye karatasi ya antena. Ukingo uliokatwa upake rangi ya kuzuia kutu, lakini upande wa chini ambapo meno ya nati yanauma uwe chuma kitupu, maana ndiyo athi ya antena. Asiyetaka kutoboa atumie ya gundi: safisha kwa pombe, bandika pakiwa pakavu, na usioshe gari kwa saa 24. Kebo inayoingia kupitia mlango ishuke chini kidogo kabla ya kupanda ndani, ili maji ya mvua yadondoke pale na yasiifuate.

Kuwasha mara ya kwanza

Weka laini kabla ya kuunganisha umeme, na uiondolee PIN ukitumia simu. Unganisha antena. Rudisha kichwa cha hasi cha betri, na plagi ya modemu iwe bado nje. Pima kwenye plagi hiyo: mwekundu na mweusi visome volti za betri ufunguo ukiwa umezimwa, waya wa swichi usome sifuri kisha volti za betri ukiwa ON. Ukiona alama ya kutoa huku mguu mwekundu ukiwa kwenye waya mwekundu, nyaya zimegeuzwa: zirekebishe. Bora ugundue kosa hilo hapa kuliko kwenye modemu. Ndipo uchomeke.

Ndani ya ukurasa wa mipangilio:

- badilisha nenosiri la msimamizi, kisha la Wi-Fi, na uchague ulinzi wa WPA2 au WPA3
- andika APN (jina la lango la intaneti) ya kampuni ya laini kama haikujijaza
- weka muda wa kuzima baada ya ufunguo: dakika 5 kwa basi la abiria, 15 hadi 30 kwa gari la kazi linalosimama mara kwa mara
- weka volti ya kujikata, 12.0 hadi 12.2 kwa mfumo wa 12, mara mbili yake kwa 24
- washa ukaguzi wa mtandao unaoanzisha upya muunganisho usipojibu kwa dakika kadhaa
- wekea Wi-Fi ya abiria kikomo cha data, la sivyo simu moja inayosasisha programu zake itamaliza bando

Toleo jipya la programu ya kifaa liweke gari likiwa limesimama na injini inawaka.

Halafu soma nguvu ya mawimbi kwa namba, siyo kwa vijiti. RSRP (nguvu ya mawimbi yanayofika) ya -80 dBm au juu yake ni nzuri sana, -90 ni nzuri, -100 inavumilika, chini ya -110 utateseka. SINR (mawimbi yakilinganishwa na kelele) ikizidi 20 mtandao ni safi. Ikikaribia 0, hata RSRP nzuri haisaidii kwa sababu kelele ni nyingi. Andika namba hizo gari likiwa mahali pamoja, kwanza kwa antena za fimbo kisha kwa za paa. Za paa zisipozidi, kebo au kichwa kina kasoro.

Piga stata mara tatu huku mtu akitazama taa za modemu. Isizime. Endesha kwenye barabara mbovu kama kilomita kumi, na usome kumbukumbu za kifaa kuona kama kilianza upya njiani.

Kipimo cha mwisho ni cha betri. Multimita ikiwa kwenye ampea, iunganishe katikati ya kichwa cha hasi na waya wake, gari limezimwa na kufungwa. Usipige stata ikiwa hapo, na usiweke kamwe miguu ya ampea kwenye vichwa viwili vya betri. Magari huchukua hadi nusu saa au zaidi kulala. Baada ya hapo, na baada ya muda wa modemu kuzima kwisha, gari lenye afya kwa kawaida halizidi miliampea 50. Chomoa fyuzi ya modemu: namba ikishuka kwa miliampea chache ni sawa, ikishuka kwa mamia modemu haikulala, na waya wa swichi uko kwenye umeme wa kudumu au muda haukuwekwa.

Hitilafu zinazorudi

Modemu inaanza upya kila ukiwasha gari: pima volti kwenye plagi yake stata ikizunguka. Volti zikiwa sawa na za betri lakini ziko chini ya kiwango cha kifaa, tatizo ni betri au kifaa. Zikiwa chini kuliko za betri kwa zaidi ya nusu volti, tatizo ni waya, kiungo au athi.

Inaanza upya barabarani ovyo ovyo: kiungo kilicholegea, mara nyingi athi, au laini inayocheza kwenye tundu lake. Tikisa waya sehemu kwa sehemu injini ikiwaka.

Fyuzi inakatika mara kwa mara: usiiongeze ukubwa. Tafuta palipochubuka, kuanzia matundu ya chuma na bawaba za viti.

Wi-Fi ipo lakini intaneti hakuna: APN, bando limekwisha, au antena za simu na za Wi-Fi zimebadilishana matundu.

GPS haipati mahali: antena iko chini ya bati, au chaja ya bei nafuu na kamera ya dashibodi zinatoa kelele karibu yake. Chomoa chaja uone. Redio ikianza kukoroma baada ya kufunga, chanzo ni kigeuza volti. Bana kizibo cha feraiti (pete inayomeza kelele za umeme) kwenye nyaya zake karibu kabisa na kifaa, zungusha waya mara mbili au tatu ndani yake, na kisogeze angalau nusu mita kutoka kebo ya antena ya redio.